Timazi Chini ya Corolla

Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi la mbele, kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Ukikuta laini kwa kwenda, halafu kwa kurudi linakukwaruza kama samaki anayepapaswa kutoka mkiani, jua kwamba tairi hilo linaburutwa. Alaimenti imepotea.

Chukua Corolla ya miaka ya 1990, yenye tairi la kipenyo cha milimita 580 hivi. Ukitazama kutoka juu, magurudumu ya mbele yanatakiwa kuwa karibu sambamba. Tuseme yamebana mbele kwa milimita 5, yaani 2.5 kila moja. Jicho halioni kitu. Lakini 2.5 kwa 580 ni zaidi ya mita 4 katika kila kilomita: gurudumu linataka kwenda kule, gari linalilazimisha huku, na mpira ndio unaolika. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 190 na ushei, ni sawa na kulisugua tairi kiubavu kwa mita 800.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotuokoa. Kwenye kipenyo hicho, milimita 1 ni takriban moja ya kumi ya digrii, na milimita 1 inasomeka kwenye futikamba. Ukiwa na timazi na pimamaji ya fundi mwashi, pembe hii unaipima uani kwako.

Ila kwanza tikisa. Jaza upepo sawa, inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, kisha shika gurudumu kushoto na kulia ulisukesuke. Likicheza, tazama tairodi. Shika juu na chini. Likicheza, ni beringi au boljointi. Nasisitiza hapa kwa sababu watu wengi huiruka hatua hii: viungo vikiwa vimelegea, unapima mahali gurudumu lilipoegemea kwa dakika hiyo tu, na mita kumi mbele litakuwa limehama.

Gurudumu likiwa bado hewani, paka chaki katikati ya tairi, tuliza msumari juu ya tofali, uuguse mpira huku ukilizungusha. Utapata mstari mwembamba wa duara. Uzuri wake ni kwamba mstari huo unafuata mzunguko halisi wa gurudumu, hata ringi ikiwa imepinda kidogo.

Shusha gari kwenye sakafu uliyoithibitisha kwa pimamaji kuwa iko sawa, nyoosha usukani, ulisukume mbele mita chache ili viungo vitulie. Kwa kimo cha katikati ya gurudumu, shikiza uzi wa timazi kwenye mstari, mbele ya tairi na nyuma yake, uweke alama sakafuni. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa sukuma gari pembeni. Alama nne zimebaki chini, hakuna injini wala bomba la moshi la kukuzuia, na futikamba inapita wazi. Umbali wa mbele ukiwa mdogo kuliko wa nyuma, magurudumu yamebana.

Kipimo sahihi kipo kwenye kitabu cha gari, na kina sababu. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hupewa kubana kidogo, maana barabara huyarudisha nyuma yale ya mbele na bushi za mpira huyaacha yatanuke. Corolla hii huvutwa na ya mbele, kwa hiyo kipimo chake hukaribia sifuri.

Legeza loknati, zungusha tairodi za pande zote mbili kwa kiasi kilekile, la sivyo usukani utakaa upande. Tairodi zikiwa nyuma ya ekseli, kuzirefusha hubana mbele. Kaza, sukuma, pima upya.

Mlalo wa gurudumu na pembe nyingine waachie wenye mashine. Na kama alama ziko sawa lakini gari bado linavuta kushoto, badilishana matairi ya mbele. Likianza kuvuta kulia, kosa limo ndani ya tairi lenyewe.