Nyimbo nne zilizowafikisha Erasure kileleni
Juni 1992, Vince Clarke na Andy Bell, Waingereza wawili wanaounda kundi la Erasure, walitoa santuri fupi ya nyimbo nne tu: Abba-esque. Hakuna hata mmoja walioutunga wenyewe. Zote zilikuwa za ABBA, kundi la Uswidi lililokuwa kimya kwa takriban miaka kumi.

Uingereza iliipokea kwa shangwe. Ilikaa namba moja kwa wiki tano, kilele ambacho singo nyingine yoyote ya Erasure haijawahi kukifikia.

Sifa nyingi anastahili Clarke, mmoja wa waanzilishi wa Depeche Mode. Nyimbo hizo alizisuka upya kwa vinanda vya elektroniki, na sauti ya Bell ikaibua huzuni iliyokuwamo tangu mwanzo. Katika mmojawapo, "Take a Chance on Me", anaingia MC Kinky akighani kwa mtindo wa raga. Kwenye video ya wimbo huo Clarke na Bell wamevaa kama Agnetha na Frida, waimbaji wa kike wa ABBA. Ni utani wenye mapenzi ya dhati.

Septemba ikatoka ABBA Gold, mkusanyiko wa nyimbo maarufu za ABBA wenyewe. Nao Björn Again, bendi ya Australia inayoiga ABBA, wakajibu kwa Erasure-ish: nyimbo za Erasure zikipigwa kwa mtindo wa ABBA.