Gitaa la kwasa kwasa ndani ya roki ya New York

Kila tunapoupiga wimbo "Cape Cod Kwassa Kwassa" kipindini, ujumbe wa wasikilizaji huwa ni ule ule: hao Wakongo wanaoimba Kiingereza ni wa wapi?

Si Wakongo. Ni Vampire Weekend, vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wimbo huo umo kwenye albamu yao ya kwanza, yenye jina la bendi, iliyotoka Januari 2008. Muziki wao huitwa roki ya indi, yaani roki ya bendi zinazojitegemea, zisizosubiri kampuni kubwa iwaambie la kufanya. Hawa walijirekodi wenyewe huku kila mtu ana kazi yake. Mwimbaji Ezra Koenig alikuwa mwalimu wa shule. Mwenzao Rostam Batmanglij, mpiga kinanda, ndiye aliyesimamia kurekodi.

Sasa hilo gitaa. Kwenye roki nyingi gitaa hukwaruzwa kwa mitambo mpaka lingurume. Hapa limeachwa safi. Linacharazwa kwenye sauti za juu, kipande kifupi kinarudiwa na kurudiwa, kama mpiga solo wa Kongo anapoingia kwenye sebene. Aliyemsikia Diblo Dibala akimpigia Kanda Bongo Man ananielewa. Kwasa kwasa yenyewe ni mtindo wa kucheza kutoka Kongo, na Kanda Bongo Man, akiwa Paris, aliusambaza sana miaka ya 1980. Wazee wa kumbi za dansi hawahitaji kuelezwa.

Juu ya gitaa hilo wakaweka vinanda na fidla za kizungu cha kale. Sikiliza "M79", wimbo uliopewa jina la njia ya basi la mjini New York. Mimi ulichoninasa ni uwazi wake: hakuna chombo kinachomkanyaga mwenzake, kila kimoja unaweza kukifuata peke yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Je, wameiba? Swali hili linaulizwa sana, na lina haki ya kuulizwa. Hakimiliki hulinda wimbo, yaani maneno na sauti yake, pamoja na rekodi. Hailindi namna ya kupiga gitaa wala mdundo. Kwa hiyo kisheria, anayeiga mtindo hamlipi mtu. Kwa upande wangu, kulitaja neno kwassa kwenye jina la wimbo ni uungwana, maana wangeweza kunyamaza. Lakini kutajwa hakumtii mpiga gitaa wa Kinshasa shilingi mfukoni, na kijana wa New York aliyeupenda wimbo huo anaweza kuzeeka bila kumsikia Diblo. Ndiyo sababu kipindini hatuupigi peke yake. Ukiisha, anafuata Kanda Bongo Man, na mpiga gitaa tunamtaja kwa jina.

Ukitaka kuisikiliza albamu nzima kwenye simu, ni nyimbo 11, kama dakika 34 tu, haitamaliza bando. Ila spika ya simu hulimeza besi la Chris Baio, ukabaki na gitaa na sauti ya mwimbaji. Vaa spika za masikioni, na uanze na wimbo wa kwanza bila kurukaruka.