Bao la Samatta, upepo wa bahari na funzo kwa Njombe

FEBRUARI Mosi 2020, dakika ya 70. Mbwana Samatta anaruka, anapiga kichwa, mpira unazama nyavuni. Aston Villa ilikufa 2-1 ugenini siku hiyo, lakini hilo likawa bao la kwanza la Mtanzania kwenye Ligi Kuu England.

Kila mtu aliongelea bao. Wachache waliuangalia mji lilikofungwa.

Bournemouth siyo Manchester wala London. Ni mji wa pwani, kusini mwa England, ambao Waingereza wanauendea kupunga upepo. Uwanja wake unaingiza mashabiki 11,000 hivi, na msimu ule ndio uliokuwa mdogo kuliko vyote Ligi Kuu. Shabiki wa Villa aliyetoka Birmingham alipoteza pointi tatu, ila siku yake haikuharibika yote. Bahari ilikuwepo.

TRENI, CHIPSI NA BARIDI

Kwenda ufukweni kwa siku moja ni mila ya zamani Uingereza. Ilianza kushika kasi karne ya 19, reli zilipoanza kuwatoa wafanyakazi viwandani asubuhi na kuwarudisha usiku. Huko pwani wanatembea kwenye gati refu la kuingia baharini, watoto wanapanda punda kwenye mchanga, na mlo ni samaki wa kukaanga na chipsi. Jua? Likitaka linatoka, lisipotaka watu wanakaa ufukweni na makoti yao. Mtu wa Njombe asingeshangaa hata kidogo, baridi ya Juni anaijua.

Soka likaingia humohumo. Blackpool, wenye mnara wa mwaka 1894, ndio mji wa timu ya Stanley Matthews, iliyotoka nyuma 3-1 na kuifunga Bolton 4-3 kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 1953. Brighton nao wana gati lao maarufu na timu ambayo leo hakuna anayeidharau.

MAKAMBAKO NA SAFARI YA KILOMITA 60

Sasa rudi nyumbani. Mkoa wa Njombe una ufukwe wake, Ziwa Nyasa, kule Ludewa. Lakini kwa shabiki wa soka wa Makambako, matembezi ya siku moja yaliyonoga kuliko yote yalikuwa kilomita kama 60 tu, kwenda Uwanja wa Sabasaba, Njombe mjini.

Makambako ni mji wa njia. Reli ya Tazara inapita hapo, na barabara ya Songea inachepuka hapo kutoka barabara kuu ya Iringa na Mbeya. Mgeni wa kutoka Mafinga au Mbarali akishuka Makambako, Njombe ni mwendo wa Coaster moja tu.

Msimu wa 2017/18 safari hiyo ilikuwa na maana. Njombe Mji ilikuwa imepanda Ligi Kuu Bara pamoja na Singida United na Lipuli. Septemba 10, 2017 Yanga ikatua Sabasaba na kushinda 1-0, bao la Ibrahim Ajib. Aprili 3, 2018 ikawa zamu ya Simba, John Bocco akapiga mbili peke yake. Wenyeji walilala zote mbili, lakini siku kama hizo mji mdogo unachangamka. Gesti zinajaa, bodaboda hawapumziki, mama lishe anaongeza sufuria. Na kwenye chipsi Njombe haina mpinzani, viazi vinalimwa hapohapo.

Kisha raha ikaisha. Njombe Mji ikashuka msimu uleule, tena ikashuka na Majimaji ya Songea. Barabara moja, timu mbili, mwaka mmoja. Mwaka 2020 Lipuli ya Iringa nayo ikafuata. Tangu hapo shabiki wa Makambako anayetaka Ligi Kuu kwa macho, mara nyingi safari yake inaishia Sokoine, Mbeya, zaidi ya kilomita 150. Hayo siyo matembezi tena, ni msafara.

NDOO ZA BOURNEMOUTH

Mwenye kusema Njombe ni mji mdogo mno kwa Ligi Kuu aitazame Bournemouth. Mwaka 1997 klabu hiyo ilikuwa inakufa kwa madeni. Mashabiki wakakutana ukumbini na kuchangishana hela kwenye ndoo. Msimu wa 2008/09 ikaanza daraja la nne ikiwa imekatwa pointi 17. Akapewa timu Eddie Howe, kocha wa miaka 31, na ikapona. Mwaka 2015 ikapanda Ligi Kuu.

Ukweli usemwe, hapo katikati iliingia pia pesa ya tajiri kutoka Urusi. Lakini tajiri huyo aliikuta klabu bado hai, na waliyoiweka hai ni wenye ndoo.

Brighton nako si kwamba mambo yalinyooka. Iliuziwa uwanja wake, mwaka 1997 ikahamia mji mwingine kwa misimu miwili, na uwanja mpya wa kwao ikaupata 2011. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, mwaka uleule wa Njombe Mji. Mmoja alifika akiwa na uwanja na mipango ya miaka mingi, akabaki. Mwingine alifika na furaha, akarudi alikotoka baada ya msimu mmoja.

Hapo ndipo kazi ilipo. Wapo wanaojaza uwanja siku ya Simba na Yanga, kisha wakicheza na Mbao au Ndanda jukwaa linabaki jeupe. Timu ya mkoa haiishi kwa siku mbili za mwaka. Inaishi kwa Jumamosi ya kawaida, kwa baba wa Makambako anayempakia mwanaye kwenye Coaster, wakala chipsi Njombe, wakaangalia mpira, wakarudi kabla baridi haijakaza. Mambo, parachichi na viazi mkoa unavyo. Wa kupanda gari hilo nao wapo. Iliyobaki ni timu ya kuwapa sababu ya safari, na wao kuichangia kabla haijafika Ligi Kuu, siyo baada ya kushuka.