Amri Nyuma ya Dirisha (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliitazama sheli ya amri peke yake, ile programu inayopokea maneno yaliyochapwa, ikayatekeleza na kurudisha jibu kwa maandishi. Lawama inayoiandama sheli hiyo inajulikana: ati imepitwa na wakati, na mtu wa leo anataka madirisha na vitufe vya kubofya. Mimi naona ugomvi huo hauna msingi, kwa kuwa dirisha na amri havishindani. Amri yenyewe yaweza kufungua dirisha, likamuuliza mtumiaji jambo moja au mawili, likafungwa, kisha kazi ikaendelea kwa maandishi kama ilivyoanza. Mpangilio huu ndio unaoyafaa zaidi maduka madogo ya chapa, madrasa na ofisi za mitaa kama Kuze na kwengineko katika Mji wa Kale wa Mombasa. Wengi hudhani faida yake ni wepesi. Wepesi upo, lakini faida kubwa ni kwamba kazi inabaki imeandikwa. Mibofyo ishirini ya mausi haiachi alama yoyote. Mistari ishirini ya skripti, yaani amri zilizopangwa katika faili, husomwa kesho na mtu mwengine.

Ushahidi wa kwanza umo mfukoni mwa msomaji. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, mamilioni ya Wakenya wamekuwa wakitoa amri bila ya kuziita amri. Anayebonyeza *144# kujua salio lake la muda wa maongezi amechapa amri ya herufi chache iliyo kali kuliko nyingi za kompyuta. Na menyu ya laini ya simu hufanya nini mtu anapotuma fedha? Humuuliza namba, kiasi na siri yake, kitu kimoja baada ya chengine, kisha huvifunga vyote katika ujumbe mmoja uliofichwa kwa msimbo na kuupeleka kwa mitambo ya Safaricom. Menyu haihamishi hata senti moja. Kazi yake ni kukusanya majibu. Kuhamisha ni kazi ya amri. Asiyetaka menyu ile hupiga *334# na kufika pale pale. Bibi wa miaka sabini aliyejifunza kutuma fedha hivi ameshatumia mtindo ninaoueleza, na hakuna aliyemwambia kwamba ni mambo ya wahandisi.

Kwenye kompyuta mtindo huo una historia ndefu kidogo. John Ousterhout alianza kuitengeneza lugha ya Tcl mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kisha akaiongezea Tk, mkusanyiko wa vitufe na visanduku. Sheli iliyozaliwa hapo, iitwayo wish, iliwezesha mistari michache tu ya maandishi kusimamisha dirisha zima. Katika mifumo ya Linux ya leo zipo programu ndogo zaidi, zenity na kdialog, ambazo hazifanyi lolote ila kufungua sanduku moja la swali. Tuseme duka la Kuze limepewa kazi ya kadi za harusi, majina mia tatu, kila kadi na jina lake. Mstari wa kwanza wa skripti unaamuru zenity --file-selection. Dirisha linafunguka, mhudumu anachagua faili la majina, na zenity inaikabidhi sheli mahali faili lilipo. Kutoka hapo programu ya ImageMagick inaandika jina moja moja juu ya picha ya kadi, huku sanduku jengine likionyesha kazi imefika wapi, kwa kuwa zenity --progress husoma namba kutoka 0 hadi 100 na kuujaza mstari wake. Mhudumu akibonyeza kitufe cha kukubali, zenity humaliza kwa namba 0; akighairi, kwa namba 1, na sheli huitazama namba hiyo kabla ya kuendelea. Hapo ndipo skripti nyingi za wanagenzi zinapoharibika. Mtu ameghairi, skripti haikuuliza namba, na kazi inaendelea na jina tupu la faili.

Lakini kwa Mombasa kuna kazi nzito kuliko kadi za harusi, nayo ni maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mashairi ya Muyaka bin Haji yametufikia kwa kiasi kikubwa kupitia mkono wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyaandika kwa herufi hizo, na W. E. Taylor aliyeyakusanya, karatasi zake zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS. Huko huko alifundisha Ustadh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, ambaye mwaka 1997 alichapisha pamoja na P. J. L. Frankl makala kuhusu historia ya kukiandika Kiswahili kwa Kiarabu na mapendekezo ya kuurekebisha mwandiko huo. Baadaye Kevin Donnelly alitengeneza zana za kompyuta alizoziita Andika!, zinazogeuza maandishi ya Kiswahili baina ya herufi za Kirumi na za Kiarabu. Kugeuza ni kazi ya kufaa sheli kabisa. Utendi wa Tambuka una beti zaidi ya elfu moja, na hakuna mwenye akili timamu atakayebofya ubeti kwa ubeti. Tatizo ni kwamba mwandiko wa zamani hauisemi kila sauti. Herufi ba yaweza kuwa b, yaweza kuwa p, na mara nyengine mb. Kasra husimama mahali pa i na pa e, dhamma mahali pa u na pa o. Pata na bata huandikwa sawasawa, na msomaji ndiye anayejua ni lipi kwa kuutazama mshororo mzima. Mashine ikiamua peke yake itakosea, na itakosea kwa ujasiri. Basi hapa ndipo dirisha linapostahili mahali pake: skripti ipite mistari yote kimya, na ikikutana na neno lenye usomaji zaidi ya mmoja isimame, ioneshe mshororo pamoja na orodha ya usomaji unaowezekana, imwachie mjuzi wa ushairi achague, kisha iandike uchaguzi wake katika faili lenye tarehe. Mjuzi huyo hana haja ya kujua amri hata moja. Na mwanafunzi atakayekuja miaka kumi baadaye ataona ni wapi mashine iliamua na ni wapi aliamua mtu. Jambo hilo matoleo mengi ya mashairi yaliyochapwa vitabuni hayatuonyeshi.

Wapo watakaosema: kama kazi ni ya maana, kwa nini isitengenezwe programu kamili? Hoja hii ina uzito mahali watumiaji ni wengi na kumbukumbu ni za kudumu, kama orodha ya wagonjwa wa hospitali, na huko sitetei skripti hata kidogo. Lakini duka la watu watatu halina fedha za kumlipa mtengenezaji programu, wala halina mtu wa kuitunza ikishaharibika. Tena vijana wa Mji wa Kale wana desturi ya kwenda kutafuta riziki Dubai na Maskati, na aliyejua jinsi ya kubofya huondoka na ujuzi wake wote. Skripti ya mistari arubaini hubaki dukani, na mrithi wake aweza kuisoma kwa jioni moja.

Pingamizi la hatari ni zito zaidi. Amri hufuta faili bila ya huruma, na dirisha zuri laweza kumfanya mtu abonyeze kukubali bila ya kusoma. Nakubali, na kwa hiyo amri ya kufuta isiwekwe nyuma ya dirisha kamwe. Faili lihamishwe kwenye folda ya taka, na swali liyataje majina ya faili yenyewe badala ya kuuliza tu kama mtu ana hakika. Zenity ina chaguo la --default-cancel, linalofanya kitufe cha kughairi kiwe ndicho kinachotangulia, na ni uvivu kutolitumia. Lakini kuna upande ambao dirisha linapunguza hatari. Faili zetu huitwa majina kama Utenzi wa Mwana Kupona, na sheli huyaona hayo kuwa maneno manne, yaani faili nne. Jina lenye ng'ombe ni balaa zaidi: ile alama ya ng' sheli huifahamu kuwa ni mwanzo wa nukuu, ikakaa kungoja nukuu ifungwe, na mchapaji akadhani kompyuta imekwama. Jina likichaguliwa dirishani halichapwi na mtu. Linaingia katika kibadilika, yaani jina ambalo sheli huliwekea thamani, na kibadilika kikizungushiwa alama mbili za nukuu hapana nafasi wala ng' itakayokivunja.

Kuhusu lugha, ni kweli amri zenyewe ni za Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswidi, kilitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na hiyo ilikuwa kazi ya taasisi. Dirisha la skripti halihitaji taasisi. Mwandishi wake huandika swali kwa lugha aitakayo, na chaguo la --ok-label humpa nafasi ya kukiita kitufe Sawa, au Haya, au Twende, apendavyo.

Wenye kompyuta za Windows nao hawakunyimwa. Faili lile lile la vbs likiendeshwa kwa wscript huonyesha ujumbe katika sanduku, na likiendeshwa kwa cscript huuchapa kama maandishi. Siku hizi PowerShell imechukua nafasi hiyo, na ndiyo ningemshauri anayeanza leo. Kwenye simu za Android, Termux ina amri ya termux-dialog kwa kazi hiyo hiyo. Limebaki jambo moja linalowasumbua wengi wanaopanga skripti iende yenyewe usiku kwa cron. Katika mfumo wa X, uliozaliwa MIT mwaka 1984, programu hujua skrini yake kwa kibadilika kiitwacho DISPLAY, na cron haina habari nacho. Dirisha halifunguki, na skripti hufa na ujumbe ambao hakuna aliye macho kuusoma. Dawa ni kuipa skripti sharti mwanzoni kabisa: DISPLAY ikiwa tupu isiulize kitu, iandike maswali yake yote katika faili, na iyangoje majibu ya asubuhi.