Kaprese, Saladi ya Nyanya na Mozarela

Kaprese ni saladi ya nyanya zilizoiva, jibini ya mozarela na majani ya mrehani, iliyotiwa chumvi na mafuta ya zeituni. Jina lake limetokana na Capri, kisiwa kidogo katika ghuba ya Naples, kusini mwa Italia. Wekundu wa nyanya, weupe wa jibini na kijani cha mrehani ndizo rangi za bendera ya Italia, jambo ambalo Waitaliano hawachoki kulitaja. Hakuna kinachopikwa wala kiungo kikali cha kufunika ladha, kwa hiyo nyanya chapwa au jibini kavu haina pa kujificha.

Mozarela huliwa ikiwa bado mbichi, tofauti na jibini ngumu zinazokaa miezi ghalani. Maziwa hugandishwa kwa kimeng'enya, donge lake likaachwa lichachuke kidogo, kisha likakatwakatwa na kumwagiwa maji ya moto sana. Joto hulilainisha, nalo huvutwa na kukunjwa mpaka linyooke kama utepe unaong'aa, ndipo likatwe kuwa matonge na kutumbukizwa katika maji yenye chumvi. Kuvutwa huko ndiko kunakoipa mozarela nyuzi zake na ulaini wake. Inayosifiwa kuliko zote hutengenezwa kwa maziwa ya nyati wa maji, mnyama wa kufugwa asiyehusiana na ukali wa mbogo wa Serengeti. Maziwa yake yana mafuta karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe. Tangu mwaka 1996 jina Mozzarella di Bufala Campana linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya. Ya maziwa ya ng'ombe huitwa fior di latte, ni rahisi zaidi kwa bei, na kwa saladi hii inafaa kabisa.

Nyanya ndiyo inayoharibiwa zaidi, na mara nyingi mharibifu ni jokofu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba nyanya iliyokaa siku kadhaa kwenye baridi ya nyuzi 5 hupunguza utendaji wa jeni zinazotengeneza harufu yake, na hata ikirudishwa kwenye joto la kawaida harufu hiyo hairudi yote. Sukari na uchachu hubaki, lakini nyanya bila harufu ni maji mekundu tu. Afadhali zinunuliwe zikiwa zimeiva, ziwekwe mezani na ziliwe mapema. Sokoni Afrika Mashariki, nyanya ndefu zenye ganda gumu, kama Cal J na Rio Grande, hupendwa kwa sababu zinastahimili safari ndefu ya lori. Zafaa sana kwa mchuzi. Kwa kaprese huchaguliwa zile za mviringo, zenye ganda laini na maji mengi.

Mrehani haupatikani kwa shida pwani, ambako majani yake hutiwa kwenye vikuba pamoja na asmini. Hapa unaliwa. Majani huachwa mazima au huchanwa kwa vidole, maana yakikatwakatwa kwa kisu hugeuka meusi upesi.

Kwa watu wanne hutosha nyanya kubwa nne, mozarela gramu 250, majani ya mrehani kama 12 na vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni. Jibini hutolewa kwenye jokofu nusu saa kabla, ikachujwa maji na kufutwa kwa kitambaa safi, la sivyo sahani hugeuka dimbwi. Nyanya huoshwa kwa maji safi, hukatwa vipande vya unene usiofika sentimita moja, hunyunyiziwa chumvi na kuachwa dakika tano. Chumvi huvuta maji ya nyanya, nayo yakichanganyika na mafuta ndiyo huwa mchuzi wa saladi. Kisha nyanya na jibini hupangwa kwa zamu, mrehani ukapachikwa katikati, mafuta yakamiminwa mwisho. Huliwa papo hapo kwa mkate.

Siki na ndimu hazimo katika kaprese ya asili. Aliyezoea kachumbari ataona kama pamesahauliwa kitu, lakini nyanya nzuri ina uchachu wake, na siki huzima utamu hafifu wa maziwa ambao ndio sababu ya kutia mozarela. Mikahawa mingi humimina siki nzito ya balsamiki juu. Ni mapambo zaidi kuliko upishi.

Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamekuwa wakiishi kwa miongo mingi, saladi hii ni ya kawaida mikahawani. Kwingineko mozarela mbichi hutafutwa kwenye maduka makubwa ya mijini. Inayofaa ni ile inayouzwa ikielea ndani ya maji. Ile ya kipande kigumu cha manjano, iliyokusudiwa pitsa, imepunguzwa maji ili iyeyuke vizuri kwenye tanuri, na ikiliwa mbichi hutafunika kama mpira. Mwenye hiyo peke yake na apike pitsa, na nyanya zake azikatie kachumbari.