Sura ya Sita: Kazi za Mikono na Ratiba ya Nyumbani Mzazi Anapokuwa Misheni

Familia ya askari yenye watoto wadogo huishi kwa kalenda inayopangwa na wengine. Zamu za lindo, mafunzo ya porini, uhamisho na ulinzi wa amani nje ya nchi hutoka kwa amri, mara nyingi kwa taarifa ya muda mfupi. Wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia Oktoba 2011. Mwaka 2013, kwa Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipeleka askari wa brigedi maalumu mashariki mwa Kongo. Nyuma ya kila askari aliyekwenda, baba au mama, kuna nyumba iliyobaki, na katika nyingi kuna mtoto ambaye bado hajui mwezi ni nini.

Sura hii inafuata hatua tatu: kabla ya safari, wakati wa safari na baada ya kurudi.

Kabla ya safari, kosa kubwa ni kumficha mtoto. Watu wazima husema mtoto wa miaka mitatu haelewi, basi mzazi huondoka alfajiri mtoto akiwa amelala, na asubuhi mtoto huambiwa baba kaenda dukani. Mtoto husubiri. Jioni husubiri tena. Kisha huanza kumshikilia mama hata anapokwenda chooni, kwa sababu amejifunza kwamba mtu huweza kupotea wakati wa usingizi. Kumuaga humliza, na kilio hicho ni halali. Maneno machache ya kweli yanatosha: baba anakwenda kazini mbali, atalala huko siku nyingi, bibi na mama wapo hapa. Ahadi ya kurudi salama isitolewe. Mwaka 2017 askari wa Tanzania waliuawa katika shambulio la Semuliki, Kivu Kaskazini, huko Kongo. Hakuna mzazi mwenye uwezo wa kutimiza ahadi hiyo. Kinachoweza kuahidiwa ni kile kilicho mikononi mwa waliobaki: nani atampikia uji, nani atamwogesha, nani atalala naye.

Siku za mwisho zitumike kwa kazi mbili za mikono. Ya kwanza ni mto mdogo wa kukumbatia, ulioshonwa kwa fulana au shati la kiraia la mzazi na kujazwa sufi au vipande vya nguo. Mafunzo mengi ya mtandaoni huelekeza kushona vitu vya aina hii kwa sare za jeshi. Ushauri huo haufai Tanzania wala Kenya, ambako sheria inakataza raia kuvaa au kumiliki sare hizo. Kwa mtoto wa umri huu, harufu ya shati la kawaida inatosha kabisa. Asiyetimiza mwaka mmoja asilale na mto wowote. Akumbatie akiwa macho, mbele ya mtu mzima.

Kazi ya pili ni hadithi zilizorekodiwa kwenye simu. Msimuliaji aseme "Paukwa!" kisha anyamaze kidogo. Kimya hicho ndicho siri ya kazi yote, kwa sababu mtoto hujaza mwenyewe "Pakawa!" na kuwa mshiriki wa hadithi badala ya msikilizaji tu.

Wakati wa safari, kazi yenye faida kuliko zote ni mnyororo wa karatasi, nayo inastahili maelezo marefu kwa sababu hukosewa mara nyingi. Chukua daftari lililokwisha au kalenda ya mwaka uliopita. Kata vipande vyenye upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 20. Koroga kijiko kimoja cha unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha weka kwenye moto mdogo, ukikoroga, hadi iwe gundi nzito inayong'aa. Ikishapoa, mtoto apake gundi kwa kidole kwenye ncha moja, akunje kipande kiwe pete, abonyeze na kuhesabu hadi kumi. Pete inayofuata hupitishwa ndani ya ile ya kwanza. Mnyororo utundikwe kwenye kamba katikati ya chumba, mbali na ukuta, kwani mende hupenda gundi ya unga.

Kosa liko hapa. Familia nyingi hutengeneza mnyororo mzima mwanzoni, pete moja kwa kila siku, kisha hukata moja kila asubuhi hadi tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo si ya familia. Zamu huongezwa, ndege huahirishwa, kikosi cha kupokea kijiti huchelewa. Pete ya mwisho hukatwa na mlangoni hatokei mtu. Mtoto aliyeambiwa kwamba karatasi ikiisha baba anakuja huona amedanganywa na kila mtu ndani ya nyumba.

Mnyororo ufaao hukua. Kila Jumamosi, baada ya uji wa asubuhi, mtoto huongeza pete moja, na juu yake huchora jambo moja la wiki: jino limetoka, kuku ametaga, mvua imenyesha. Kwa mwaka mmoja zitafika pete 52, mnyororo wa karibu mita 3. Safari ikiongezwa miezi miwili, mnyororo huongezeka na hakuna ahadi iliyovunjika. Mzazi akirudi, anakuta wiki zote alizokosa zimechorwa kwa mkono wa mwanawe. Tena mnyororo huu hauna tarehe ya kurudi ambayo mgeni au picha ya mtandaoni ingeweza kuifichua, na askari wanajua umuhimu wa hilo.

Kuhusu ratiba, chakula cha jioni, kuoga, hadithi na usingizi vifuatane vile vile kila siku, kwa saa zile zile. Simu ya mzazi iwe ziada. Mtoto akiambiwa baba atapiga saa mbili na mtandao ukakatika, usiku mzima umeharibika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2019, linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Kumwachia katuni ili asahau kilio hakumsaidii.

Dhana nyingine mbili zinaumiza watoto. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, hudaiwa amerogwa, na hirizi hutafutwa. Kurudi nyuma kwa namna hii ni jambo la kawaida kwa mtoto aliyetenganishwa na mzazi. Akiwa na homa au maumivu ya mkojo apelekwe zahanati. Vinginevyo abadilishiwe shuka bila kuaibishwa. Dhana ya pili ni kwamba mtoto aliyenyamaza amezoea. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alitoa filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali London bila mama yake, na ikaonekana wazi kwamba utulivu wa mtoto unaweza kuficha huzuni.

Baada ya kurudi, mtoto anaweza kumkimbia mzazi na kujificha nyuma ya bibi. Hapo husemwa kwamba askari amerudi na mashetani ya vita. Mtoto anaona mtu ambaye mwili wake umebadilika na sauti yake ilikuwa ya simu tu. Mzazi asilazimishe kumbeba. Akae chini, mnyororo ushushwe, na mtoto amweleze pete moja moja. Kwa wiki za mwanzo, maonyo na saa za kulala vibaki kwa yule aliyekuwepo, na aliyerudi aingie kwenye ratiba kwa kazi moja ndogo, kama kuogesha au kusimulia.

Karatasi, unga na shati kuukuu vimo katika kila kota ya askari. Familia zisisubiri vifaa vya duka: zianze Jumamosi hii, na zisimwambie mtoto neno ambalo kesho litakuwa uongo.