Kukwea Mlima Kenya Pamoja na Mzazi: Maandalizi ya Safari na ya Kauli

Mlima Kenya huonekana kutoka sehemu nyingi za Meru na Embu alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika. Wameru huuita Kirimara. Waembu wa jadi walijenga nyumba zao milango ikiuelekea, kwa kuwa waliuhesabu kuwa mahali patakatifu. Hata hivyo, si ajabu kumkuta mzee aliyeutazama mlima huo maisha yake yote pasipo kuukanyaga zaidi ya msitu wa chini. Mwanafunzi anapomwambia mzee kama huyo, “Baba, twende tukaukwee,” huwa ameanzisha jambo kubwa kuliko matembezi. Makala haya yanadhamiria kueleza maandalizi ya safari hiyo, na hasa yale ambayo vijitabu vya watalii haviyagusi, yaani namna jamaa wawili wanavyopaswa kuafikiana, wakiwa bado nyumbani, jinsi watakavyosemezana juu ya ugonjwa na juu ya kurudi.

Kwanza njia yenyewe. Vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni vya wenye kamba na ujuzi wa kuparaga miamba. Mtembea kwa miguu hukomea Lenana, mita 4,985, mahali ambapo Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963. Safari inayopendwa na wengi huanzia lango la Sirimon, Kaunti ya Meru, lililo mita 2,650, hulala kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300, kisha kambi ya Shipton kwenye mita 4,200. Kutoka hapo kilele hukwewa usiku, na msafiri huteremkia upande wa mashariki kupitia Ziwa Michaelson hadi lango la Chogoria, Tharaka-Nithi. Kati ya lango hilo na mji wa Chogoria pana karibu kilomita 30 za njia ya msituni, na gari la kuwachukua sharti lipangwe mapema. Atokaye Embu huufikia mji huo kwa barabara ya Runyenjes na Chuka.

Tatizo kuu la njia hii si urefu wake bali ni kimo. Mji wa Embu uko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Pale Lenana, kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani, na kila pumzi huleta oksijeni chache kwa kiasi hicho. Mwili huweza kuizoea hali hii ukipewa muda. Matabibu hushauri kwamba, mtu akishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kwamba kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku ya mapumziko. Msomaji atakuwa ameona kwamba kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900. Kwa hiyo safari ya siku nne, ijapokuwa nafuu kwa mfuko, ina haraka mno. Kwa maoni yangu, anayekwea na mzazi wake alipie siku tano au sita, alale Old Moses usiku wa pili, na mchana wake apande kiasi kisha arudi kulala chini.

Maradhi ya kimo huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu na kukosa hamu ya chakula. Yakizidi, maji huweza kujaa mapafuni, na dalili zake ni kikohozi na kuhema hata mtu anapokuwa ameketi. Ubongo nao huweza kuvimba, mgonjwa akaanza kupepesuka na kusema maneno yasiyoshikana. Njia rahisi ya kupima ni kumwambia atembee juu ya mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Ieleweke pia kwamba nguvu za mwili si kinga. Kijana mcheza kandanda aweza kuugua na baba yake asiugue, maana kijana ndiye apandaye mbio. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kabla ya safari, na hapo ndipo pa kuulizia dawa ya asetazolamaidi.

Sasa tuje kwenye lugha. Maamkizi yetu yamejengwa ili jibu liwe jema. Aulizwaye “Hujambo?” husema “Sijambo,” na aulizwaye “Habari za usiku?” husema “Nzuri,” hata kama hakufumba jicho. Hiyo ni adabu, wala si uongo. Lakini kwenye mita 4,200 adabu hiyo huuficha ugonjwa. Mzazi huongeza pazia lake: hataki kumharibia mwana safari aliyoilipia. Mwana naye huona haya kumwambia baba yake, “Umeshindwa, turudi.” Kila mmoja anamstahi mwenzake, na wote wawili wanazidi kupanda.

Dawa ya jambo hili ni kukubaliana mapema juu ya maswali yasiyoweza kujibiwa kwa “nzuri”. Mathalani: “Baba, jana jioni ulikula kiasi gani?” “Umeamka mara ngapi usiku?” “Kichwa kinauma mahali gani, na tangu saa ngapi?” Maswali hayo yaulizwe asubuhi na jioni, na mwana ayajibu pia. Uamuzi wa kurudi nao usiachwe mikononi mwa mwana. Akabidhiwe kiongozi wa safari, mbele ya wote wawili, siku ya kwanza langoni. Mzee hupokea neno “turudi” kutoka kwa mjuzi wa mlima pasipo kuona kwamba heshima yake imevunjwa.

Suala la malazi linahitaji fikira zaidi kuliko inavyodhaniwa. Katika mila za Meru na Embu, mwana aliyetahiriwa halali tena nyumbani kwa wazazi wake. Wameru walikuwa na gaaru, nyumba ya vijana. Je, baba na mwana watalala hema moja? Wapo wasioona taabu, na wapo ambao hawatasema lolote lakini hawatapata usingizi. Mahema mawili madogo humaliza mgogoro, ila yafungwe karibu, milango ikitazamana, ili kikohozi cha usiku kisikike. Kwa binti na baba yake, au mkwe na mkwewe, sioni hata haja ya mjadala.

Kuhusu chakula, kisibebwe kitu cha kupikwa kwa muda mrefu. Kwenye kambi ya Shipton maji huchemka kwa nyuzi 86 hivi, na maharage mabichi yatamaliza gesi yakiwa bado magumu. Pure ya mahindi na maharage ichemshwe nyumbani iive kabisa, kisha iliwe siku ya kwanza. Baadaye yatumike uji wa wimbi, wali, viazi na chai ya tangawizi. Miraa na muguka, hata kama ni mazao ya nyumbani, yabaki nyumbani. Huondoa njaa na usingizi, na mkwezi anavihitaji vyote viwili. Nguo ziwe za sufu, nazo hupatikana katika mitumba ya Gakoromone kwa bei nafuu; suruali ya jinzi ikilowa haikauki. Viatu vivaliwe kwa majuma kadhaa kabla ya safari, na shanta ya mzee iwe nyepesi, mzigo uliosalia wapewe wapagazi.

Miezi ya Januari na Februari, na ile ya Julai hadi Septemba, ndiyo yenye ukavu. Upande wa Chogoria hupata mvua nyingi kuliko Sirimon, kwa hiyo koti la mvua liwe juu kabisa ya mzigo siku za kuteremka. Aliyebaki nyumbani aandikiwe karatasini jina la kiongozi, lango la kuingilia, lango la kutokea, na siku ambayo, isipopigwa simu hadi jioni, atawaarifu walinzi wa hifadhi.